Desktopu uliyoiunda mwenyewe inastaki ovyo? Anza na namna inavyostaki

Hii naiandika kwa ajili ya yule aliyenunua vifaa kimoja kimoja, akafunga mazabodi, prosesa, ramu, kadi ya grafiki na pawa saplai kwa mkono wake, mashine ikawaka bila shida, na sasa baada ya wiki mbili au miezi sita imeanza kuganda bila taarifa. Picha imesimama, mausi haisogei, wimbo uliokuwa unapiga unabaki unang'ang'ania sauti moja zzzzzz mpaka ushikilie kitufe cha kuzimia. Unawasha, inapiga kazi saa tatu, au siku tatu, alafu inarudia.

Kompyuta ya kununua nzima ikizingua kuna mtu wa kumpelekea. Hii ya kwako fundi ni wewe, kila kifaa kina duka lake na risiti yake, na muuza ramu atakwambia tatizo ni mazabodi, muuza mazabodi atakwambia ni pawa saplai. Ndo maana wengi wanaishia kubahatisha kwa hela: ananunua ramu, haijapona, ananunua pawa saplai, haijapona, anapiga Windows upya mara tatu. Mimi nilibahatisha hivyo miezi minne, kwa hiyo hapa sianzi na vifaa, naanza na dalili, maana namna mashine inavyoganda na saa inayoganda vinakupunguzia watuhumiwa kabla hujashika hata bisibisi.

Imeganda kivipi?

Siku ikiganda usikimbilie kuizima. Kaa nayo dakika mbili. Bonyeza Caps Lock uone kama kataa kake kwenye kibodi kanawaka na kuzima au kamekufa. Sikiliza kama sauti inaendelea. Angalia taa ya disk kwenye kesi, imezima, inapepesa, au imewaka moja kwa moja bila kupumzika. Alafu bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, hiyo inaiamuru Windows ianzishe upya draiva ya grafiki, ikisikia amri utasikia mlio mfupi na skrini itapepesa.

Kama Caps Lock imekufa, sauti imenata na ukingoja dakika kumi hali ni ileile, mfumo mzima umesimama, na hapo watuhumiwa wako ni ramu, prosesa, mazabodi na umeme, mara chache draiva. Kama Caps Lock inajibu na unawasikia wenzako kwenye gemu wanaendelea kuongea lakini picha imesimama, twende kwenye kadi ya grafiki. Kama mausi inatembea vizuri ila kila unachobofya hakijibu, madirisha yanakuwa meupe moja baada ya jingine na hata Task Manager haifunguki, hapo mara nyingi ni disk, mfumo unasubiri data ambayo haiji. Na kama inaganda sekunde moja mbili kisha inaachia yenyewe huku sauti ikikwaruza, huo ni ugonjwa mwingine tutaufikia.

Kuzima pap au kujiwasha upya si kuganda. Umeme mbovu unaweza kuleta yote mawili lakini usiyachanganye kwenye kumbukumbu zako.

Na kumbukumbu ziandike kweli, kwenye karatasi au simu: tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, imeganda kivipi, kuna joto au mvua, umeme ulicheza au haukucheza. Mistari sita saba ya hivyo ina faida kuliko wiki nzima ya kukumbuka kwa kichwa, maana kichwa kinakumbuka zile mara zilizokuudhi tu, ile iliyoganda usiku umelala hukuiweka kwenye hesabu.

Soma alichoandika Windows

Bonyeza Windows na R, andika eventvwr, fungua Windows Logs kisha System, shuka mpaka dakika ile ilipoganda. Pia jaribu perfmon /rel, hiyo inakupa kalenda yenye alama nyekundu kila siku iliyokuwa na shida na ni rahisi zaidi kuisoma.

Karibu kila mtu anakutana na Kernel-Power namba 41 na anakimbilia kununua pawa saplai kwa sababu ya hilo neno Power. Hapana. Namba 41 inamaanisha tu kwamba mashine ilizimwa bila kuagana, na aliyeizima ni wewe mwenyewe ulipobana kitufe. Haisemi chanzo. Kinachosema chanzo ni mistari iliyo dakika chache kabla yake. WHEA-Logger 18 ni prosesa imeripoti kosa kubwa la vifaa, na 19 ni kosa limetokea na kurekebishwa, ukiiona 19 mara nyingi jua kuna kitu kinayumba. WHEA-Logger 17 mara nyingi ni njia ya PCIe, yani kadi ya grafiki au SSD ya NVMe haikai vizuri kwenye sloti, au unatumia kebo ya kurefusha kadi ambayo ni ya kizazi cha 3 huku mazabodi inalazimisha cha 4, ingia BIOS, ile mipangilio ya mazabodi unayoifungua kabla Windows haijawaka, uishushe. Disk 7, disk 153, au 129 kutoka storahci au stornvme, hiyo ni disk. Display 4101 au mistari ya nvlddmkm, yani draiva ya Nvidia, ni grafiki.

Na kama hakuna kitu kabisa, kabla ya ganda kimya, baada ya ganda 41 peke yake, usikate tamaa, ukimya huo nao ni jibu. Windows haikupata hata nafasi ya kuandika mstari, maana yake mashine imesimama chini kwenye vifaa.

Ramu, hapa tukae

Kwa mashine za kuunda mwenyewe mimi naanza na ramu kila mara, na sababu ni XMP. Ramu ya DDR4 iliyoandikwa 3200 kwenye boksi, ukiipachika bila kugusa kitu mara nyingi inaamka na 2133, 2400 au 2666 kwa volti 1.2, ile 3200 unaipata ukiwasha XMP kwenye BIOS, na volti inapanda mpaka 1.35. Kwenye bodi za AMD utakuta imeandikwa DOCP au EXPO, ni kitu kilekile. Watu wanaichukulia kama haki waliyoinunua, lakini ni kuikimbiza ramu pamoja na sehemu ya prosesa inayoongea na ramu kupita spidi ya kawaida, na si kila prosesa na kila bodi inaiweza.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halina gharama hata shilingi: ingia BIOS, zima XMP, rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, tumia mashine siku kadhaa kama kawaida. Ikiacha kuganda umeshajua mtaa, sasa unatafuta nyumba.

Idadi ya vipande nayo ina uzito ambao watu hawaupi. Vipande vinne vinaielemea prosesa kuliko viwili. AMD wenyewe kwa Ryzen 7000 wanaahidi DDR5 spidi 5200 ukiwa na vipande viwili, ukiweka vinne wanaahidi 3600 tu. Ukiwa na viwili, kwenye bodi nyingi zenye sloti nne vikae kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, si vile vinavyopendeza kwa macho. Na visukume mpaka usikie klik, kuna bodi zina kishikio upande mmoja tu, upande wa pili unaweza kuwa umeinuka milimita moja na mashine ikawaka vizuri tu, ije ikusumbue baadae.

Sasa ya kwangu. Niliunda mashine na vipande viwili vya GB 8, ikapiga mwaka mzima haijawahi kuganda hata mara moja. Nikaongeza viwili vingine, jina lilelile, namba ileile ya spidi, hata stika rangi ileile, nikafurahi, GB 32. Wiki tatu hazina shida. Alafu ikaanza, na kwa sababu wiki tatu zilikuwa zimepita sikuwaza ramu kabisa, nikalaumu apdeti ya Windows iliyoingia siku hizohizo. Nikapiga Windows upya, mara tatu. Nikanunua pawa saplai. Nikabadilisha pesti ya prosesa. Nilipoanza kuandika kumbukumbu ndo nikaona kwenye daftari kwamba kati ya mara tisa, saba ni kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni, feni ya chumba haijawashwa, Februari, na Dar mnaijua joto lake la Februari.

Nikachukua flashi nikaweka MemTest86+, ni ya bure, mashine inawaka kutoka kwenye flashi bila Windows. Mzunguko wa kwanza wa testi ukaisha safi, neno PASS limeandikwa kubwa pale, na kwa kweli nilitaka kuizima nikasema ramu nzima. Nikaiacha ilale inapiga. Asubuhi bado, safi. Saa nane mchana nikarudi nakuta ile skrini ya bluu ina mistari minne myekundu chini, namba za anwani, na zote nne ziko kwenye eneo moja. Ramu ikipata moto inashindwa kushika data kwa muda uleule, na mpangilio wa vipande vinne kwa 3200 ulikuwa pembezoni kabisa, usiku unapita, mchana haupiti. Nikashusha spidi kutoka 3200 kwenda 2933, nikarudia testi mchana kweupe mara tatu, mstari mwekundu haujatokea tena. Pawa saplai ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo ukitesti ramu usitesti raundi moja, iache usiku mzima na kama unaganda mchana basi itesti mchana. Kosa moja tu ni kosa, hakuna cha kusema ni moja dogo. Likitokea chomoa vyote, testi kipande kimoja kimoja kwenye sloti ileile, alafu kipande kizuri kitembeze kwenye sloti zote. Kipande kikikosea kila sloti, kibovu ni kipande. Vipande vyote vikikosea kwenye sloti moja, ni mazabodi, au pini za soketi ya prosesa. Vipande vikipita kimoja kimoja ila vikikosea vikiwa pamoja, shusha spidi kama mimi, na siku nyingine nunua pakiti moja yenye vipande vyote, maana stika inaweza kufanana huku chipu za ndani ni za kiwanda kingine.

Inaganda ikiwa imetulia, ikibebeshwa mzigo haigandi

Hii inawachanganya wengi. Gemu saa nne haina shida, Prime95, ile programu ya kuibebesha prosesa mzigo wote, inapita, alafu ukiiacha inasoma kurasa tu au umeenda kula ukirudi imeganda. Mtu anasema haiwezi kuwa vifaa maana imepita testi nzito. Inaweza, tena sana. Prosesa ikiwa haina kazi inajilaza, inapunguza umeme mpaka karibu na hakuna, na inapoamka ghafla inarusha spidi juu kuliko inavyofanya ikiwa na mzigo wote. Huko kulala na kuamka ndo kunakoiangusha.

Ryzen za kwanza, zile za 2017, zilijulikana kwa hili hasa kwa watu wa Linux. Dawa iko BIOS, kwenye AMD CBS, tafuta Power Supply Idle Control na uiweke Typical Current Idle, ili prosesa isijilaze usingizi mzito ambao pawa saplai nyingine za zamani zinashindwa kuumudu. Kwa Ryzen za 5000 na kuendelea, kama umegusa Curve Optimizer kupunguza volti ili ipoe, irudishe sifuri kwanza, hata kama testi zote zimepita, maana testi nzito hazigusi pale inapoanguka. Na kwa yeyote yule, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows tafuta PCI Express, Link State Power Management, izime, kuna SSD na kadi ambazo zikiambiwa zilale haziamki vizuri.

Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14

Kama mashine yako ina moja ya hizi za desktopu, hasa i7 na i9 zenye K kwenye jina, soma kwa makini. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizi zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na kwamba volti hiyo inaziumiza taratibu mpaka zinaanza kuyumba. Marekebisho yalikuja kwa njia ya apdeti za BIOS, toleo 0x129 mwezi Agosti 2024 na 0x12B Septemba, na garantii ikaongezwa miaka miwili. Dalili ni gemu kujifunga zenyewe, gemu za Unreal Engine kudai memori ya grafiki imeisha wakati ipo tele, na kuganda. Apdeti BIOS leo hii hata kama hujaona dalili. Ila prosesa iliyoshaumia apdeti haiiponyi, hiyo ni ya kurudisha kwa garantii, na hapo ndo risiti ina thamani kuliko prosesa yenyewe.

Disk

Pakua CrystalDiskInfo, ni ndogo na ya bure. Usiangalie neno Good pale juu ukaridhika. Angalia mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu za disk zilizoharibika au zinazotiliwa shaka, hizo zikiwa zaidi ya sifuri na zinaongezeka kila wiki, hamisha vitu vyako leo usiku kabla hujaendelea na utatuzi wowote. Angalia C7 pia, hiyo ikipanda mara nyingi disk ni nzima ila kebo ya SATA ndo mbovu, na kebo ni kitu cha bei ndogo ambacho watu wanaisahau kabisa mpaka wamebadilisha disk. Nimeshaona kebo iliyokunjwa kona kali ili kifuniko cha kesi kifunge, ukigusa kifuniko kwa kidole mashine inaganda, ukikiachia sekunde chache inaendelea.

SSD nazo zina programu yake ya ndani na hiyo programu inaweza kuwa na kosa. Mfano unaojulikana ni Crucial m4: ikifikisha saa 5184 za kuwaka, ambazo ni siku 216, ilikuwa inaacha kujibu, ukizima na kuwasha inarudi, alafu saa moja baadae inarudia. Januari 2012 wakatoa apdeti na tatizo likaisha. Kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya waliotengeneza SSD yako ucheki apdeti. Na usiijaze mpaka mdomoni, zile za bei rahisi zikibaki na nafasi kidogo zinaanza kukwama sekunde nyingi nyingi unapoandika mafaili makubwa.

Kadi ya grafiki

Windows inaipa kadi sekunde mbili ijibu, isipojibu inaianzisha upya, na ndo ile 4101. Ikishindwa kuianzisha upya unabaki na picha iliyosimama. Anza na draiva: ifute yote kwa DDU, programu ya kung'oa draiva za grafiki, ukiwa Safe Mode, weka mpya, na kama shida ilianza baada ya apdeti rudi kwenye ile ya zamani. Alafu waya za umeme. Kadi yenye tundu mbili za pini nane ipe waya mbili tofauti kutoka pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili. Chomoa kadi, futa miguu yake ya dhahabu na kifutio cheupe kisha kitambaa kikavu, irudishe mpaka kishikio kifunge, na kama ni nzito iwekee kitu cha kuishikilia isiiname. Kama prosesa yako ina grafiki yake ya ndani, chomoa kadi kabisa utumie siku mbili tatu bila kadi.

Umeme

Pawa saplai ya bei ndogo iliyoandikwa 500W kwenye stika, ukiibeba ni nyepesi kama boksi tupu, hiyo usiiamini. Kama una mita, chukua mstari wa njano na mweusi kwenye kile kichwa cha pini nne, mashine ikiwa na mzigo: njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo imechoka. Ikikaa ndani ya hapo bado haijasafishwa jina, maana mita haioni mtikisiko wa haraka, njia ya uhakika ni kuazima nzuri ya mtu na kuiweka wiki moja. Usiifungue ndani, kapasita zake zinabaki na umeme hata ukiwa umeshachomoa.

Ila kabla ya kuilaumu angalia ukutani. Mdogo wangu ana steshenari, desktopu tuliiunda pamoja, na ikawa inamgandia mchana tu, mara igande, mara ijiwashe upya, nyumbani kwangu nilikaa nayo siku tano haijafanya kitu. Nikaenda kukaa pale dukani asubuhi. Kama saa nne hivi jirani akaanza kuchomelea mageti, na kila akigusa chuma balbu ya dukani inafifia kidogo kisha inarudi, unaiona kwa macho. Umeme wetu ni 50 Hz, duara moja ni milisekunde 20, na pawa saplai inayofuata viwango vya ATX inatakiwa ihimili kukatika kwa milisekunde kama 17 tu, sasa ile yake ilikuwa imeshazeeka. Zaidi ya hapo ekstensheni yake ilikuwa imebeba mashine, printa ya leza na ya kutolea kopi, na plagi ukiigusa ni ya moto. Tulimtafutia UPS, tukahamisha printa kwenye soketi nyingine, maana printa ya leza ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na haitakiwi iwe hata kwenye UPS. Mashine haijaganda tena na jirani bado anachomelea.

Kama ukigusa kesi unahisi inakuchezachezea mkono, waya wa athi kwenye hiyo soketi haufanyi kazi, mwite fundi umeme, hilo ni la usalama wako kwanza.

Joto na vumbi

Joto la prosesa ndo linalotajwa na kila mtu lakini kwa kuganda peke yake mara nyingi silo. Prosesa za sasa zikifika 95 au 100 zinajipunguza spidi zenyewe, na zikizidi zinazima mashine. Utaona uzito, utaona kuzima. Kinachogandisha zaidi ni joto la vitu ambavyo huviangalii: SSD ya NVMe iliyo chini ya kadi ya grafiki, ramu, na ile sehemu ya mazabodi inayogawa umeme kwa prosesa. Weka HWiNFO, programu inayosoma joto na volti za vifaa, iandike kumbukumbu kwenye faili, ikiganda fungua faili usome mstari wa mwisho. Puliza vumbi na blowa ukiwa umeshikilia feni zisizunguke.

Inaganda sekunde moja mbili na kuachia

Kama una Ryzen na hali ni hiyo, sauti inakwaruza, kila kitu kinasimama kidogo kisha kinaendelea, cheki BIOS yako ni ya lini. Machi 2022 AMD walitangaza kwamba fTPM, ile sehemu ya usalama iliyo ndani ya prosesa, ilikuwa inasababisha hilo kwenye Windows 10 na 11, na BIOS zenye dawa zilianza kutoka Mei mwaka huohuo. Kabla ya kuapdeti zima BitLocker, ile ya Windows inayofunga disk kwa siri, kama unaitumia, la sivyo utaulizwa ule ufunguo mrefu. Tofauti na hapo angalia antivairasi mbili zinazogombana, na programu za kubadilisha rangi za taa za ramu na feni, hizo zinagusa vifaa moja kwa moja, na ukiwa nazo mbili tatu za makampuni tofauti zinagongana. Zitoe zote.

Ukitaka kujua kwa ujumla kama ni Windows au vifaa, weka Linux Mint kwenye flashi, chomoa disk zako, tumia mashine kutoka kwenye flashi siku nzima. Ikiganda na huko, acha kupiga Windows upya.

Kama bado

Toa kila kitu nje ya kesi. Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, prosesa na feni yake, ramu kipande kimoja, disk moja, basi. Ukiitoa angalia mgongo wa bodi na bati la kesi: vile vinguzo vidogo vya shaba vinavyoshikilia bodi viwe tu mahali penye tundu la skrubu, kimoja kikibaki pasipo tundu kinagusa njia za umeme nyuma ya bodi na inaweza kuganda pale tu kesi ikitikisika. Angalia pia vile vijino vya bati la nyuma, kimoja huwa kinaingia ndani ya tundu la USB. Feni ya prosesa kama ulikaza upande mmoja sana kuliko mwingine, ilegeze ukaze kwa msalaba kidogo kidogo, msukumo usio sawa unaweza kuifanya sloti moja ya ramu isionekane au iyumbe. Kapasita zilizovimba kichwani kwenye bodi ya mtumba hazihitaji testi, hiyo bodi imeisha.

Ikikaa vizuri juu ya boksi rudisha kifaa kimoja, subiri, rudisha kingine. Kimoja tu kwa wakati, hata kama una haraka. Na usitangaze imepona siku ya pili. Chukua muda mrefu kuliko wote iliowahi kukaa bila kuganda tangu ugonjwa uanze, uzidishe mara tatu, ndo usubiri huo. Ya kwangu iliwahi kukaa siku kumi bila kuganda, nikasubiri thelathini, kifuniko cha kesi kimeegemea ukutani muda wote huo, na siku ya thelathini na moja ndo nikakirudishia skrubu zake.